Ukiona Vyaelea: Tarehe, Ngano na Maadhimisho katika Historia ya Lugha na Fasihi ya Pemba



1. Utangulizi

Naomba nianze na jambo dogo linalonihusu mwenyewe. Vyeti vyangu vyote vinasema kwamba nilizaliwa tarehe 1 Januari. Marehemu mama yangu hakuitambua tarehe hiyo hata siku moja. Kila nilipomuuliza alinijibu kwamba nilizaliwa wakati wa kuchuma karafuu, majamvi yamejaa uani, miezi michache kabla ya Mapinduzi. Kwa kuwa Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, kauli ya mama ilinipa mwaka na ilinipa msimu. Tarehe 1 Januari nilipewa na karani wa skuli, ambaye fomu yake ilikuwa na nafasi ya siku na mwezi lakini haikuwa na nafasi ya majamvi wala karafuu. Karani yule hakudanganya. Alijaza pengo. Hata hivyo, baada ya miaka hamsini na zaidi, kilichojazwa ndicho kilichokuwa ukweli wa kiserikali, na alichokisema mama kikawa ngano.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu ndilo linalotokea, kwa kiwango kikubwa zaidi, kila jamii inapoadhimisha kumbukumbu za wanazuoni wake, washairi wake na lugha yake. Tunaona bango lenye tarehe, tunapiga makofi, na hatuulizi tarehe ile ilitoka wapi. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika mhadhara huu nakusudia kuichukua methali hiyo na kuipeleka kwenye historia. Hoja yangu ni kwamba kila adhimisho lina sehemu mbili, tukio na ubunifu. Kwamba ubunifu huo si lazima uwe uongo. Lakini kwamba ni wajibu wa mwanataaluma kuuonyesha mshono unaoziunganisha sehemu hizo. Mifano yangu mingi nitaitoa Pemba, kisiwa ambacho kina mambo mengi ya kuadhimishwa na ambacho maadhimisho yake mengi yamepita kimya.

2. Mwaka ni upi?

Swali la kwanza ni la hesabu. Tunaposema miaka 100 imetimia, tunahesabu miaka gani? Mswahili wa mwambao ameishi kwa muda mrefu na kalenda tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni ya Hijria, inayofuata mwezi na ambayo mwaka wake una siku 354 au 355. Ya pili ni ya Miladia, iliyokuja kushika ofisi na skuli. Ya tatu ni ile ya nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za ziada, ambayo wakulima na mabaharia waliitumia kujua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Jina lake limetoka Uajemi, lakini matumizi yake yamekuwa ya shambani na baharini kwetu.

Tofauti baina ya kalenda hizi si ndogo. Miaka 33 ya Miladia ni takriban miaka 34 ya Hijria. Tuchukue maandishi ya kale ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Aliyehesabu kwa Miladia aliona miaka 900 ikitimia mwaka 2007. Lakini kwa kalenda ya fundi aliyeyachonga maandishi yale, miaka 900 ilitimia mwaka 1400 wa Hijria, ulioanza Novemba 1979. Vivyo hivyo, utendi wa Tambuka, unaotajwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yenye tarehe, unanasibishwa na mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728. Kwa Miladia miaka yake 300 inatimia 2028. Kwa Hijria ilitimia mwaka 1441, ulioangukia baina ya 2019 na 2020.

Utendi huohuo unatupa funzo la pili. Unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Msafara wa Tabuk wa mwaka 9 wa Hijria, yaani 630, ulikuwepo, lakini jeshi lilirudi bila ya kupambana na Warumi. Mapigano yote tunayoyasoma katika utendi yamejengwa juu ya msingi wa safari hiyo. Kwa hiyo maandishi ambayo tunayategemea kama ushahidi wa tarehe katika historia ya fasihi yetu, yenyewe yamechanganya tukio na ubunifu. Hilo halikuupunguzia utendi thamani. Limetufundisha tu kwamba tarehe ya kitabu na tarehe iliyomo kitabuni ni vitu viwili tofauti.

3. Qanbalu: neno kama hati

Msafiri Al-Masudi wa Baghdad alieleza kwamba safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu hadi Oman aliifanya mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917. Aliandika kwamba kisiwani humo walikuwamo Waislamu waliokuwa wakisema lugha ya Wazanji. Kwa sisi wanaisimu, sentensi hiyo ina uzito mkubwa: Uislamu wa pwani na lugha ya Kiafrika vimetajwa pamoja, katika watu walewale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Lakini Qanbalu ni wapi? Wataalamu wamependekeza mahali mbalimbali. Rai yenye nguvu ni ile inayoihusisha Qanbalu na Pemba, na hasa Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, ambalo ni jina la Pemba kwa Waarabu, na akaitaja miji yake miwili ambayo katika maandishi yake husomwa Mtanbi na Mkanbalu.

Hapa isimu ina la kusema. Kwanza, hati za Kiarabu kwa kawaida haziandiki irabu fupi, kwa hiyo irabu zilizomo ndani ya jina hilo tumezitia sisi wasomaji; anayesoma Mkunbulu hajaongeza herufi hata moja. Pili, katika matamshi ya Kiarabu sauti n ikifuatiwa na b husikika kama m. Kwa hiyo nb ni mb yetu. Tatu, Kiswahili kimedondosha sauti l baina ya irabu katika maneno mengi ya asili: mahali ambapo lugha jirani za Kibantu zina mgulu, sisi tuna mguu, penye julu, tuna juu. Tukizifuata hatua hizo tatu, Mkumbulu inatufikisha Mkumbuu bila ya kulazimisha chochote. Na Mtanbi, kwa kanuni hiyohiyo ya nb, inatukaribisha na Mtambwe, kaskazini ya hapo.

Sisemi kwamba kanuni za sauti peke yake zinathibitisha mahali. Zinafungua mlango, wanaakiolojia ndio wanaoingia. Na walipoingia hawakutoka mikono mitupu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa wapenzi wa fasihi kuna jambo la kufurahisha: maandishi ya upande mmoja wa sarafu hizi za pwani huwa na vina na maandishi ya upande wa pili. Watu walioishi hapa takriban miaka 1,000 iliyopita walitia vina hata kwenye pesa zao, ijapokuwa kwa lugha ya Kiarabu.

Sasa tazameni jinsi ngano inavyozaliwa. Tukiongeza miaka 1,100 ya Hijria juu ya 304 tunapata 1404, na mwaka 1404 uliangukia baina ya Oktoba 1983 na Septemba 1984. Yaani hazina ya Mtambwe ilifukuliwa karibu na wakati uleule ambapo safari ya Al-Masudi ilikuwa ikitimiza miaka 1,100 kwa hesabu yake mwenyewe. Mtu mwenye kipaji angeweza kusema kwamba kisiwa kilijiadhimisha chenyewe. Hesabu ni sahihi. Lakini uhusiano baina ya mambo hayo mawili nimeubuni mimi, hapa, mbele yenu. Pengine mkumbukaji mmoja miongoni mwenu ataisimulia kesho bila ya sentensi hii ya mwisho. Hivyo ndivyo vyombo vinavyoundwa.

4. Mkama Ndume na hukumu ya jina

Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, kuna magofu ya ngome iliyozungushiwa boma la udongo. Utafiti wa akiolojia, hasa ule ulioongozwa na Adria LaViolette, umeiweka katika karne ya 15. Ndani yake kuna chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani pana sanamu ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa, na siwa, kama tujuavyo, ni pembe ya utawala. Wenyeji wanamtaja mwenye ngome hiyo kuwa ni Mkama Ndume, na jina lake la kuzaliwa wanasema ni Muhammad bin Abdulrahman. Wanasimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba alikuwa na wake wawili waliotenganishwa na ukuta kisimani ili wasikutane.

Ngano haina tarehe. Haiwezi kuadhimishwa kwa karne. Lakini tulitazame jina. Kitenzi kama kina maana ya kukamua maziwa. Ndume ni dume. Muundo wake ni ule wa mla nyama na mpiga ngoma: nomino ya mtendaji ikifuatiwa na kitendwa chake. Kwa hiyo Mkama Ndume ni mtu anayekama madume; anayetaka maziwa kwa kiumbe kisicho na maziwa. Hakuna mzazi anayempa mwanawe jina kama hilo siku ya saba. Jina hili limetolewa na waliokamwa.

Kwa maoni yangu, hapa ngano imehifadhi kitu ambacho jembe la mwanaakiolojia haliwezi kukifukua. Boma linatuambia kwamba palikuwa na mamlaka. Siwa inatuambia kwamba mamlaka hayo yalijiona matukufu. Jina linatuambia kwamba raia hawakukubali. Atakayeandaa adhimisho la Pujini kwa kutaja karne ya 15 peke yake atakuwa ameisikia siwa na kuwasahau wabeba mawe. Na atakayesimulia makalio na visima kana kwamba ameviona kwa macho, atakuwa ameukosea heshima ubunifu wa watu hao kwa kuufanya taarifa ya polisi.

5. Kamange na Sarahani

Nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Washairi wawili wakuu wa Pemba, Ali bin Said bin Rashid Jahadhmi, maarufu kwa jina la Kamange, na Sarahani bin Matwar, waliishi katika kipindi kimoja. Kamange anatajwa kuzaliwa karibu na mwaka 1830 na kufariki 1910. Sarahani alizaliwa 1841 na kufariki 1926. Wasomaji wa leo wanazipata tungo zao katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kikahaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa mwaka 2011. Kabla ya hapo, mwaka 1958, W. H. Whiteley alichapisha utafiti wake kuhusu lahaja na ushairi wa Pemba. Baina ya kitabu kimoja na kingine imepita miaka 53. Mwanafunzi aliyeanza kusoma ushairi ulipotoka utafiti wa Whiteley alikuwa amekaribia au amepita umri wa kustaafu kilipotoka hiki cha pili.

Tizameni tena hesabu. Sarahani aliishi miaka 85 ya Miladia, ambayo ni zaidi ya 87 ya Hijria. Mzee akisema kwamba Sarahani alikaribia miaka 90, msidhani ametia chumvi. Huenda anahesabu kwa mwezi. Mwaka 1926 uliangukia 1344 na 1345 za Hijria. Kwa hiyo miaka 100 ya Hijria tangu kufariki kwake ilitimia baina ya 2022 na 2024. Mwaka wa Miladia unaotimiza 100 ni 2026. Kama tuliikosa fursa ya kwanza, ya pili hatuna udhuru.

Watu wa kizazi cha washairi hao walikuwa na njia nyengine ya kuhesabu, nayo ni ya matukio. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba kwa kiasi kikubwa ilisalimika. Kuanzia hapo uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia Pemba, na pamoja nao wakaja watu, fedha, mashamba makubwa na kazi ya watumwa, ambayo haikupigwa marufuku kisheria Zanzibar hadi 1897. Kamange alikuwa mtu mzima wa miaka 40 na kitu, Sarahani alikuwa na 30 au 31. Ushairi wao wa mapenzi na wa kujibizana haukutungwa katika kisiwa kilicholala. Ulitungwa katika kisiwa kilichokuwa kikigeuka mbele ya macho yao. Kwa mintarafu hiyo, tarehe ya kimbunga inaweza kutusaidia kuzisoma tungo zile kuliko tarehe ya kuzaliwa kwa mtungaji, ambayo aghalabu ni makisio.

6. Nani aligundua?

Maadhimisho ya sayansi nayo hayakuepukana na jambo hili. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, alipewa jina lake la kisayansi na Paul Matschie mwaka 1909, kwa heshima ya mtafiti Mjerumani Alfred Voeltzkow. Vitabu vingi vikisema mwaka wa kugunduliwa, vinakusudia mwaka huo. Lakini watu wa Pemba walikuwa wakimjua, wakimwinda na kumla kabla ya hapo. Kilichotokea 1909 ni kupewa jina katika orodha ya kimataifa, jambo lenye manufaa yake, lakini si ugunduzi. Tukio ni moja na kitenzi kimekosewa.

Kosa hilo la kitenzi lina athari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao walikuwa wamepungua sana na kuhofiwa kutoweka. Katika muongo wa 2000 walihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na mafanikio hayo yalitegemea sana wanavijiji waliokubali kuyalinda makazi yao, kama ilivyo Kidike. Aliyemjua popo huyo mwanzo ndiye pia aliyemwokoa. Adhimisho litakalomkumbuka mtoa jina tu litakuwa limewaacha nje wenye mnyama.

7. Saba Saba na lugha sanifu

Tarehe 23 Novemba 2021, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Sababu iliyotolewa ni kwamba tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU, chini ya Julius Nyerere, kilikitangaza Kiswahili kuwa chombo muhimu cha kupigania uhuru. Kwamba TANU ilizaliwa siku hiyo ni jambo lisilo na mgogoro. Kwamba Kiswahili kilikuwa chombo cha uhuru ni kweli vilevile. Lakini lugha haiwi chombo cha ukombozi kwa siku moja. Kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi mikutanoni, sokoni na katika magazeti. Tarehe imebeba mchakato mzima mgongoni mwake, kama vile 1 Januari yangu ilivyobeba msimu mzima wa karafuu. Naisherehekea siku hiyo bila ya kinyongo, nikijua imeundwa.

Ninachoomba ni kwamba tusiishie hapo. Mwaka 2028 utatimiza miaka 100 tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na 2030 utatimiza 100 tangu kuanza kazi kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Bila shaka zitasomwa hotuba nyingi. Katika hotuba hizo lahaja nyengine, Kipemba ikiwa mojawapo, zitatajwa kama vijito vilivyoingia mtoni. Ukweli ni kwamba hazikuingia. Ziliachwa pembeni na zikaendelea kutiririka. Mtoto wa Pemba aliyesema kaja badala ya amekuja alisahihishwa darasani, na mimi ni mmoja wao. Kusahihishwa huko hakukuniumiza sana. Kilichoniuma ni kugundua, ukubwani, kwamba nilikuwa nimejifunza kuona haya ya usemi wa mama yangu, mtu yuleyule aliyekuwa na tarehe yangu ya kweli.

8. Hitimisho

Nafupisha. Kwanza, kila anayetangaza adhimisho na aseme anahesabu kwa kalenda ipi. Pili, atenganishe tarehe iliyoandikwa, tarehe iliyokisiwa na tarehe iliyochaguliwa; zote tatu zina heshima yake zikiitwa kwa majina yake. Tatu, ngano zisifukuzwe wala zisivikwe kanzu ya ushahidi. Zisomwe kama zilivyo, nazo zitasema. Nne, na hili nawaelekea wanafunzi, neno ni hati. Mkumbuu, Mkama Ndume na kaja ni nyaraka ambazo mchwa hawazili, madhali wapo watu wanaozisema.

Karatasi lakini huliwa. Bado zimo nyumbani mwa watu, ndani ya masanduku, tungo zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma. Kama mnataka kumwadhimisha Sarahani, msianze na bango. Nendeni Wete, nendeni Chake Chake na Mkoani, mukae na wazee, muombe ruhusa, munakili, na kila munaponakili muandike nani kasema, lini na kwa hesabu gani. Na mzee akikuambieni kwamba jambo lilitokea wakati wa karafuu, majamvi yakiwa uani, msimkatize kumuuliza tarehe. Yaandikeni majamvi kwanza.